Watu Mia Tano, Basi Moja

Naandika haya nikiwa na akili timamu na sikio moja lililowahi kuvimba.

Ofisi ya mabasi ilikuwa imetoa tamko zito: kijiji chenye watu mia tano kitapata basi, asubuhi na jioni. Sisi wa Jambhulkheda tulikuwa mia nne sabini na wanane. Dada yangu Vaijayanta alikuwa amemaliza darasa la nane, na sekondari iko kilomita kumi na moja. Baba alitoa hukumu huku akimega mkate wa mtama: "Basi likija, Vaiju atasoma. Lisipokuja, atakaa nyumbani."

Mimi nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, ambako tunafundishwa hesabu bila kuambiwa tutaitumia wapi.

"Kaka, tumepungukiwa watu ishirini na wawili," Vaiju akaniambia. "Na kesho binamu Sulochana anaolewa, anahamia kwa mumewe. Watakuwa ishirini na watatu."

"Mwambie asiolewe."

"Mwambie wewe. Ameshapaka hina mpaka viwikoni."

Mwalimu Deshmane wa shule ya kijiji alikuwa aje kutuhesabu kwa niaba ya ofisi hiyo asubuhi baada ya arusi. Nilimwendea kwa unyenyekevu wa kutisha, nikamwuliza anahesabiwa nani.

"Aliyelala hapa usiku wa kuamkia hesabu."

"Hata mgeni?"

"Hata mgeni. Kwani unapanga nini, wewe?"

"Kusoma kwa bidii, mwalimu."

Siku ya arusi, wakwe walifika kwa lori, watu thelathini na sita pamoja na bwana arusi. Walicheza ngoma, wakala chapati za sukari guru mpaka mikanda ikalegezwa. Wakati wanakula, mimi na Vaiju tulikwenda kwenye mfereji wa mashamba ya miwa, tukaufungua ili maji yaingie bondeni, pale barabara inapopita. Tulifanya hivyo kwa heshima zote.

Saa kumi alasiri lori likaondoka na bibi arusi akilia vizuri. Likafika bondeni, likazama mpaka kwenye ekseli. Sulochana akaacha kulia ili aone vizuri.

"Barabara gani hii!" akafoka mjomba wa bwana arusi, mzee mwenye kilemba cha waridi.

"Siyo barabara, mjomba," Vaiju akajibu. "Ni ombi la barabara. Tumeshaliandikia barua sita."

Walisukuma wote. Kilemba kikaanguka. Kwetu mashemeji wa kike humwibia bwana arusi viatu mpaka ajikomboe. Safari hii tope lilichukua kimoja na halikudai chochote. Jua lilipozama walirudi kijijini wakichuruzika, wakagawiwa mikeka.

Asubuhi, Mwalimu Deshmane alimkuta mjomba anakuna mgongo.

"Jina?"

"Usiniandike! Mimi si wa hapa!"

"Ulilala wapi?"

"Juu ya magunia ya mtama, na panya!"

"Basi ni wa hapa."

Alijumlisha mara mbili. "Mia tano na kumi na wanne." Kisha akatazama mguu wangu wenye tope. "Na mfereji ulijifungua wenyewe?"

"Mifereji ya siku hizi, mwalimu."

Akakohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha mtu anayejizuia kucheka, akatia sahihi.

Baba hakukohoa. Maji yale yalikuwa ya zamu ya kumwagilia miwa yake. Alinishika sikio, akaliachia tu Vaiju alipomsomea ile jumla. Akaomba aisome tena.

Mwezi wa sita bonde likajazwa kifusi, basi jekundu likaja. Vaiju alipanda wa kwanza, begi kifuani, nywele zimesukwa kwa utepe. Wa pili nilikuwa mimi. Miaka yote nilichelewa kurudi bwenini siku mbili nzima, kisingizio changu kikiwa "kwetu hakuna usafiri".

"Kaka," Vaiju akasema, akicheka mpaka kondakta akageuka, "leo utawahi hata gwaride!"

Niliwahi. Mwalimu mkuu alidhani ninaumwa.