Mahali pa Kupumzikia pa Maman Consolate

Kwa miaka kumi na mmoja mama mkwe wangu hakuniambia neno hata moja, na bado sijapata mtu aliyenifundisha mengi kuliko yeye. Hatukuwa tumegombana. Kwao, kwenye milima ya Kabare, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemeshani, hawatazamani usoni, wala hawali pamoja. Ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi hapa Bukavu wengi wameiacha, utawakuta Ibanda mtu na mama mkwe wake wanachekeana mezani juu ya samaki mmoja. Maman Consolate si wa namna hiyo. Akitaka kuniambia kitu alimwambia Bintu, mke wangu, nami nimesimama pale pale, kisha Bintu akanirudishia neno kwa neno. Jibu langu lilirudi kwa njia ile ile, nami nilikuwa nimeshazoea.

Mwezi wa saba habari ikanifikia hivyo hivyo, kwamba David anakuja. David ni kaka yake Bintu, mtoto wa kwanza wa Maman Consolate, na anaishi Ubelgiji. Alikuwa anakuja na binti yake Aimée kwa siku sita tu, na alikuwa anakuja kuuza kilima.

Kilima hicho kinaitwa Karhundu. Kuna migomba na mikaratusi, kuna kaburi la baba yao, na kuna shamba la maharagi ambalo Maman Consolate analilima bado kwa mkono wake, ingawa anakaa kwetu Cimpunda. Karatasi zina jina la David. Mnunuzi alikuwa amekwisha patikana, mtu mwenye mali wa hapa mjini, aliyetaka kukata mikaratusi yote na kujenga. Maman Consolate hakupinga. Hakumwomba mwanawe chochote, maana alisema mtoto akiombwa na mama yake hawezi kukataa, na kitu cha kulazimishwa hakidumu. Alimwambia Bintu jambo moja tu, mimi nikiwa mlangoni nafunga viatu.

“Umwambie bwana yako, David asipite ku njia kubwa.”

Nilijua sababu. David alikuja mara ya mwisho miaka tisa iliyopita, kumzika baba yake. Mvua ilikuwa inanyesha, na gari la jeneza lilizama kwenye matope ya njia kubwa kabla ya kona ya kupandia Karhundu. Wanaume walilibeba jeneza begani, wakateleza, likaanguka mara mbili mbele ya macho yake. Alirudi Ulaya na picha hiyo.

“Akipita pale pale ataona tena jeneza,” Maman Consolate alimwambia Bintu. “Atasaini karatasi ya kuuza mbele ya kufika ku kilima. Mutafute njia ya kule juu, ile iko muzuri.”

Mimi ni dereva wa ofisi moja pale Ibanda. Nina gari langu la zamani, RAV4, na nina simu yenye ramani ya dunia nzima. Nikajibu kwamba hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Bintu alicheka.

Jumamosi tukapanga kwenda watatu kuitafuta njia, lakini mtoto wetu mdogo akaamka na homa, Bintu akabaki. Nikadhani safari imekufa. Maman Consolate akatoka nje na kuku mkononi, miguu imefungwa kamba, kuku wa kumpelekea dada yake mlimani, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe akakaa. Nikageuza kioo cha ndani kitazame juu, kama ninavyofanya siku zote, nisije nikamwona usoni. Tukapita Bagira, tukapita Kasha, hakuna aliyekohoa.

Baada ya Kasha simu ikasema kushoto. Nikaingia kushoto. Njia ilikuwa pana, kisha ikawa ya kiasi, kisha majani yakaanza kugusa milango pande zote mbili. Nyuma yangu nikasikia sauti ya upole.

“Kuku,” ilisema, “umwambie ule mutu wa gari, hii njia iko ya kwenda ku misa. Haiko ya gari.”

Nilisikia, lakini aliyeambiwa ni kuku, na kuku hakuniambia. Simu ilikuwa bado inasema mbele moja kwa moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baada ya dakika tano njia ikaishia kwenye ngazi za udongo, na juu ya ngazi kulikuwa na kanisa dogo ambalo kwaya ilikuwa inafanya mazoezi nje. Hapakuwa na pa kugeuzia. Nilirudi kinyumenyume mpaka barabarani, sauti ya kwanza na ya pili wakinitazama, na wale wa besi wakinielekeza kwa mikono kila mmoja upande wake. Nikazima simu nikaitupa kwenye kiti.

“Kuku,” nikasema, “muulize maman tupite wapi.”

Hivyo ndivyo tulivyoelewana. Kuku aliambiwa kulia, nami nikaenda kulia. Kuku aliambiwa tusiogope ule mwinuko, juu yake kuna njia ya zamani ya wazungu wa mashamba, imara, imewekwa mawe. Nilipositasita kwenye kichochoro cha migomba, kuku aliambiwa, “Hapa ngombe mbili bilikuwa bikipishana. Gari itapita.” Ikapita, kila upande pakabaki nafasi ya kiganja. Hakukosea hata mara moja. Alijua daraja gani lina mbao mbovu, alijua kijito gani kinakauka mwezi wa saba, na yote hayo hakuyapata kwenye gari. Aliyapata kwa miguu.

Miaka thelathini alikuwa ananunua maharagi na mtama kwenye masoko ya huko juu, anaubeba mzigo mgongoni, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, mpaka Bukavu. Alipita milimani kwa sababu njia kubwa ilikuwa na barrière nyingi, vizuizi vya kutoza watu, na kila mwenye koti la serikali alitaka kitu. Wanasema mtembezi hula miguu yake; yeye miguu yake ilimlisha. Kwa kazi hiyo alimsomesha David mpaka chuo kikuu.

Tulipofika kwenye bega la mlima akasema tusimame. Nikatoka nje. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, na Bukavu na rasi zake upande wa kulia, na mbali kabisa kisiwa cha Idjwi. Nimezaliwa hapa, nina miaka arobaini na mbili, na sikuwa nimewahi kuuona mji wangu hivyo. Niliona haya kidogo.

“Kuku,” alisema ndani ya gari, “David apite hapa mbele ya saa tatu ya asubui. Jua iko inatokea pale, maji inakuwa ya blue. Akichelewa, ataona tu mwangaza inamuuma macho.”

Tukasimama tena mara mbili: kwenye mikwinini, ile miti ya dawa ya malaria, yenye majani yanayogeuka mekundu, kisha juu ya shamba la chai, mahali ambapo mlima Kahuzi unaonekana mzima bila wingu. Kila mahali alijua saa yake. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kuku, huyu maman aliyebeba mzigo wa kilo arobaini alipata wapi nafasi ya kutazama nchi?

Akamjibu kuku.

“Mutu akibeba muzigo na kamba ku kichwa, anaona tu bidole bya miguu yake. Ni pa kupumuzika ndiyo anainua macho. Kama ni kupumuzika, nilisema nipumuzike pa muzuri. Nilipachagua, kuku. Ilinikamata miaka mingi.”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tunatafuta njia. Njia ilikuwapo, imekwisha chaguliwa na mwanamke aliyeinama, pumziko moja baada ya jingine. Nilimheshimu zamani kwa sababu ya desturi. Siku ile nilimheshimu kwa sababu yake mwenyewe.

David alifika Jumanne, na Alhamisi tukaondoka saa moja asubuhi. Bintu alikuwa ametangulia Karhundu tangu jana yake kupika. Kuku alikuwa amekwisha kufika kwa dada yake Maman Consolate. David akakaa mbele pamoja nami, na bahasha ya karatasi za kuuza juu ya magoti. Nyuma alikaa Maman Consolate pamoja na Aimée, msichana wa miaka kumi na miwili, anayemwita bibi yake koko na mimi tonton, anayeelewa Kiswahili vizuri lakini anajibu kwa Kifaransa. Kazi ya mjumbe ikamwangukia David.

“Umwambie beau yako azunguke ile shimo,” mama yake alimwambia kabla hatujatoka Cimpunda; beau ndiyo shemeji kwa Kifaransa chetu.

David akacheka. “Beau, umesikia? Bado munafanya hivi?”

“Bado,” nikasema.

Tulifika kwenye bega la mlima saa mbili na nusu. Aimée alishuka akasema neno moja, “Papa,” akamvuta baba yake mkono. David alitazama ziwa muda mrefu, kisha simu yake ikalia, akatazama simu. Kwenye mikwinini Aimée aliokota jani jekundu akaliweka ndani ya kitabu chake. Kwenye chai David alishuka mwenyewe bila kuitwa, akasimama mikono mifukoni mbele ya Kahuzi. Nikafurahi moyoni, nikasema njia imefanya kazi yake. Nilijisifu mapema.

Mbele ya shamba la chai njia inagawanyika. Kushoto inapanda kwenye mgongo wa mwisho na kutokea Karhundu kwa juu. Kulia inashuka kwenye njia kubwa. Tulipofika hapo simu ya David ikalia tena. Alikuwa mnunuzi. Alikuwa sokoni chini, kando ya njia kubwa, na mtu wake wa karatasi, na anangojea.

“Tushuke, beau,” David akasema. “Nisainie kule kule, tumalize. Kilima nakijua.”

Nikasimamisha gari pale njia panda, mguu kwenye breki.

Nyuma, Maman Consolate akasema taratibu, “David, umwambie apande.”

“Maman, bananingojea.”

“Umwambie apande kwanza.”

“Simwambii, maman,” akasema David. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka. “Simwambii. Tushuke.”

Mjumbe amekataa ujumbe. Sijui kama aliyekulia mbali na kwetu anaweza kuelewa ukubwa wa jambo hilo. Maman Consolate alibaki na neno lake mdomoni na hana wa kumpa. Gari lilikuwa la David kwa siku ile, kilima kilikuwa cha David, na mimi mkwe sina sauti kati ya mama na mwanawe. Nikaingiza gia. Nikaanza kukata usukani kulia, na nilijichukia wakati naukata.

“Chrispin.”

Mikono yangu ikasimama. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwa nimelisikia jina langu kwa sauti ile. Sikujua hata kama anajua kulitamka.

“Chrispin, mwanangu,” akasema Maman Consolate, “panda.”

David aligeuka kwenye kiti chake kumtazama mama yake. Alikuwa mtoto wa Kabare bado, chini ya koti lile la Ulaya, na alijua mama yake amevunja nini. Huyu mama hakuvunja desturi usiku alipofiwa na mumewe, Bintu akiwa hospitalini, sisi wawili tu tumekaa ukumbini mpaka asubuhi. Hakuvunja kwa njaa wala kwa ugonjwa. Amevunja hapa.

“Ndiyo, maman,” nikasema. Nikapanda kushoto.

Kwa gia ya kwanza tukafika juu. Pale juu kuna jiwe bapa, pana, limelainika katikati mahali pa kukalia. Ndilo pumziko lake la mwisho. Kutoka pale unakiona kilima cha Karhundu ng'ambo ya bonde, karibu hata unaweza kuhesabu migomba. Moshi wa jiko la Bintu ulikuwa unapanda. Maharagi yalikuwa yamestawi mistari mistari mpaka kwenye kaburi, na kaburi lilikuwa limepakwa chokaa upya, jeupe, likitazama ziwa. Kutoka njia kubwa hayo yote hayaonekani. Kutoka chini ni ukuta wa udongo mwekundu tu.

David alishuka. Bahasha ilibaki kwenye kiti. Alitembea mpaka kwenye jiwe, akalipapasa pale palipolainika, akakaa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikamfuata, nikasimama kando. Mimi pia macho yalikuwa yananiuma.

Baada ya muda akasema bila kugeuka, “Beau, umwambie maman siuzi.”

Nilirudi kwenye gari. Nilikaa mahali pangu, nikakishika kile kioo kinachotazama juu, kisha nikakiacha nikageuka mwenyewe, mzima mzima. Ni uso mdogo, mwembamba, na kwenye paji la uso kuna alama ya kamba, bonde dogo lisilofutika.

“Maman,” nikasema, “David anasema hauzi.”

Alinitazama. Machozi yalishuka taratibu, hakuyapangusa. Kisha akakaza kitenge kichwani, akatazama nje upande wa bonde, akamgeukia Aimée.

“Umwambie ule mutu wa gari,” akasema, “atushushe polepole. Pale chini kuna mawe.”

Aimée alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani alielewa, au alikubali tu kama watoto wanavyokubali.

“Tonton Chrispin,” akasema, safari hii kwa Kiswahili, “koko anasema utushushe polepole. Pale chini kuna mawe.”

“Mwambie koko nimesikia,” nikajibu.