Siku Kumi na Tisa za Sufuria

Katika nyumba yangu hakuna anayeinuka mezani akiacha chakula sahanini. Anayeacha huosha vyombo vyote vya mlo huo, sufuria zikiwemo, wala haruhusiwi kusaidiwa. Kanuni hiyo waliijua watoto wangu watano, wakaijua wake zao na waume zao, wakaijua na vijana wanne wanaonibebea magunia ya maharage dukani. Waliijua hata wateja wa kutoka Ifakara na Mbeya, ambao nikiwakaribisha chakula cha mchana hukumbuka ghafla kwamba wana basi la kuwahi. Jirani yangu Mzee Abubakary, muuza viungo ambaye duka lake linapakana na langu hapa Mtaa wa Narung'ombe, husema kwamba bwana afya anamwogopa mara moja kwa mwaka, lakini sahani yangu anaiogopa kila siku saa tisa alasiri.

Niliipata kanuni hiyo katika shule ya misheni kule mlimani nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, kutoka kwa mwalimu wa bweni aliyeitwa Zakayo. Nimeitunza kwa miaka sitini na mitatu, na nilijivunia kwamba sikuwahi kubadili hata neno lake moja. Jambo hilo nitalirudia, kwa kuwa ndilo lililoniletea aibu.

Mjukuu wangu Severa alikuja kwetu kutoka Moshi akiwa na miaka kumi na mitatu, ili asome sekondari hapa mjini. Mke wangu Rachel alimpokea kwa upawa. Upawa wa kwanza ulikuwa wake mwenyewe, wa pili wa mama yake aliye mbali, na wa tatu wa kumtuliza asikumbuke nyumbani. Sahani ilitoka jikoni ikiwa imejaa machalari hadi ukingoni, ndizi zimelaliana na nyama, na pembeni chupa ya soda, kwa sababu mtoto ametoka juani. Severa aliimaliza, maana kanuni aliijua. Baada ya miaka miwili sketi yake ya shule ilikuwa imeshonwa upya mara tatu. Kutoka dukani hadi viwanja vya Mnazi Mmoja, mwendo ambao mimi naukamilisha bila hata kupumzisha fimbo, yeye alisimama mara mbili, akijifanya anatazama viatu vya machinga.

Mimi niliona kwamba mtoto ananenepa vizuri, na nikashukuru.

Ndipo Alhamisi moja ya mwezi wa nane Severa akasukuma sahani yake mbele ikiwa na nusu ya chakula. Vijana wa dukani wakaacha kutafuna.

"Umeshiba?" nikamwuliza.

"Nimeshiba, Babu."

"Kanuni unaijua."

"Naijua."

Akainuka, akakusanya sahani za watu saba, akazibeba hadi bombani uani, akaketi kwenye kigoda na kuanza kusugua kwa dodoki. Alipoifikia ile sufuria kubwa ya maharage, saa kumi na moja ilikuwa imekwisha kupita. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo, na siku ya tatu. Sikumwuliza sababu. Mtu akivunja sheria na kutumikia adhabu bila kunung'unika, hakimu hana la kuuliza. Tena nilifurahi kiasi, kwa kuwa niliona sheria ikifanya kazi yake.

"Mangi," Mzee Abubakary akaniambia kutoka kizingitini kwake, "sufuria zako siku hizi zinang'aa kuliko pete ya bibi harusi. Huyo mtoto amekosa nini?"

"Anabakiza chakula, Mwinyi."

"Basi nami nikaribishe kesho, nije nibakize. Afadhali kuosha kuliko kupasuka."

Sikucheka. Lakini neno lake lilinifanya nimtazame Severa kwa makini zaidi, na jioni moja, alipopita dukani kunisalimu, nikaona nimpime. Mizani yetu ya magunia ilikuwa wazi.

"Panda hapo," nikasema, "tujue tumefika wapi."

Vijana wangu wanne waligeuka. Mteja mmoja naye aligeuka. Severa aliitazama ile mizani, yenye vumbi la maharage na kipande cha kamba ya katani juu yake, kisha akanitazama mimi.

"Babu, mimi si gunia," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda zake uani.

Mzee Abubakary, ambaye masikio yake yapo dukani kwangu muda wote, alikohoa mara moja. Kwa mtu wa maneno mengi kama yeye, kikohozi kile kilikuwa hotuba. Usiku ule nilisoma sura mbili za Zaburi, na zote mbili sikuzielewa.

Siku ya kumi na tisa Severa akanijia kabla ya chakula. Alisimama wima, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha mtu anapoomba jambo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Naomba vyombo niwe naosha usiku. Saa kumi kuna mazoezi ya mpira wa pete Mnazi Mmoja. Jumamosi ya wiki ya tatu kutoka sasa Mwalimu anachagua timu ya shule. Nimekosa karibu yote, na amesema asiyekuja mazoezini wiki hizi asije siku hiyo."

"Vyombo vikilala hadi usiku, mende wanakula karamu. Maliza chakula chako, uende mazoezini."

"Nikimaliza siwezi kukimbia, Babu. Nikibakiza, naosha. Vyovyote vile mazoezini sifiki. Na muuguzi alisema nikishiba niache."

"Muuguzi gani?"

Ilibidi Rachel atoke jikoni. Kumbe mwezi uliopita magoti yalimuuma mtoto, akampeleka kliniki bila kuniambia, kwa kuwa mimi magoti huyatibu kwa kuyaambia yanyooke. Huko walikuwa wamepewa mashauri. Rachel aliyasikiliza yote, akayakubali yote, akarudi nyumbani na kupakua kama kawaida, kwa sababu mkono wake haukuwahi kusikia shauri la mtu.

Asubuhi iliyofuata nilivaa koti na kwenda kliniki kumkabili huyo muuguzi. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Mwanamkuu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwambia mjukuu wangu avunje kanuni ya nyumba yangu?"

"Nilimwambia ale polepole, aache akishiba. Kanuni ya nyumba hakunitajia. Keti, mzee."

Nikaketi. Alinieleza kwamba mtoto bado anarefuka, hivyo hapaswi kushindishwa njaa wala kunyimwa chai ya asubuhi. Haraka haitakiwi: mwili ukitulia pale ulipo, kimo kitaufuata. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, soda ibadilishwe kwa maji, alale mapema, na acheze mchezo anaoupenda, maana asioupenda atauacha.

"Na dawa je? Barabarani wanauza chai ya kupunguza mwili."

"Ile chai humwonyesha mtu njia ya chooni, basi. Usimpe. Na msimpime pime nyumbani. Tutampima hapa, kwa mpangilio."

Nikatazama kofia yangu.

"Na wote mle chakula kimoja," akaendelea. "Asitengewe sahani ya mgonjwa. Sasa niambie, mzee, anayempakulia ni nani?"

"Mke wangu."

"Kwa hiyo anayepakua si yule anayetakiwa kumaliza."

Alisema hivyo bila kukusudia ushindi, akainama kuandika. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka pale nikiwa nimeketi. Niliuona ule ukumbi wa chakula wa misheni, benchi ndefu, sufuria imewekwa katikati ya meza, nasi wavulana tumejipanga na sahani zetu za bati. Kila mmoja alichota kwa mkono wake. Naye Mwalimu Zakayo, amesimama mlangoni, alisema kila siku maneno yale yale: "Jipakulie kadiri ya njaa yako. Ulichojipakulia, kimalize."

Kanuni ilikuwa na nusu mbili. Nilipoanza maisha na mke wangu katika chumba kimoja, watoto wakaongezeka na chakula kikawa kidogo, Rachel ndiye aliyegawa ili kila mtu apate. Nusu ya kwanza haikuwa na kazi, ikadondoka njiani. Chakula kilipokuwa kingi, sikurudi kuiokota. Mimi, niliyewasahihisha wahubiri walipokosea aya, nilikuwa nimeinukuu sheria vibaya kwa umri wa mtu mzima, na nikaitolea hukumu.

Saa tisa alasiri niliwaagiza wote waketi. Nikamwomba Rachel alete sufuria zenyewe mezani, akaleta kwa mashaka. Nikasimama, nikasema kanuni yote, nusu zote mbili, nikaeleza ile ya kwanza ilivyopotea.

"Kwa hiyo kosa ni mkono wangu," Rachel akasema, upawa ukiwa bado umeinuliwa.

"Kosa ni ulimi wangu. Mkono wako ulifanya ulichoruhusiwa."

"Na mtoto akijipakulia kidogo?"

"Ataongeza. Sufuria iko mezani."

Severa alichukua mchicha kwanza, kisha ndizi tatu, kipande cha nyama, na maharage. Alikula bila kumtazama mtu. Kisha akaongeza ndizi moja, akamaliza, na sahani yake ikabaki safi. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Jambo la pili," nikasema. "Severa ameadhibiwa kwa sheria isiyokuwepo. Siku ngapi?"

"Kumi na tisa," akajibu papo hapo. Alikuwa ameziwekea alama kwenye kalenda ya jikoni, alama ndogo za penseli, safi kabisa.

"Basi kuanzia leo vyombo ni vyangu, siku kumi na tisa. Wala sisaidiwi. Na lile la mizani, Severa, nililifanya mbele ya watu, kwa hiyo naliombea radhi mbele ya watu."

Vijana wa dukani walitazama dari. Severa alisema, "Yameisha, Babu," akachukua viatu vyake, akatoka mbio.

Yafaa niseme ukweli: kuosha vyombo ni kazi. Siku ya kwanza nililowa hadi magotini. Ua wetu unatazamwa na madirisha ya ghorofa la jirani, na kufikia siku ya tatu nilikuwa na watazamaji wa kudumu, wengine na chai zao. Mzee Abubakary alihamishia kiti chake mlangoni mwa ua.

"Mangi, hapo kwenye mpini umeruka."

"Nimeona, Mwinyi."

"Ninakusaidia kwa macho tu. Macho hayakukatazwa."

Ndani ya nyumba mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Soda ikawa ya Jumapili. Rachel alinuna siku nne, akinunua mchicha kama mtu anayenunua nyasi. Siku ya tano alimfuata mtoto Mnazi Mmoja na chupa ya maji, akaketi kando ya uwanja, na tangu hapo hakukosa. Aliporudi alitusimulia kila mpira, hata ule uliotoka nje. Mimi nami nikagundua kwamba njaa yangu halisi ni ndizi nne, si saba, na kwamba mchana baada ya ndizi nne mtu huweza kusoma gazeti bila kusinzia. Habari za uzito wa Severa hazikutajwa. Niliona tu kwamba siku hizi viatu vya machinga havimsimamishi tena.

Siku yangu ya kumi na tisa ilikuwa ile ile Jumamosi ya uchaguzi wa timu. Nilikuwa nasugua sufuria kubwa ya maharage Severa alipoingia uani, vumbi mguuni, Rachel nyuma yake na chupa tupu. Sikuuliza. Mtu haulizi hukumu kabla haijasomwa.

"Nimechukuliwa, Babu," akasema. "Mchezaji wa akiba, lakini nimechukuliwa."

"Akiba ni sehemu ya timu," nikajibu, na nikaisuuza sufuria ile kwa maji mengi kuliko ilivyohitaji. Kisha nikamkabidhi. "Hii ni ya mwisho. Kagua."

Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani, chini kabisa, pale maharage hung'ang'ania. Mzee Abubakary aliinuka kitini.

"Kuna ukoko, Babu."

Akanirudishia. Nikaketi tena kwenye kigoda, nikasugua pale aliponionyesha hadi kidole chake kilipopita bila kukwama. Kisha akaitundika msumarini, akaingia jikoni, akachora kwenye kalenda alama yangu ya kumi na tisa.