Mshumaa wa Mama Mkwe

Radhamés alipiga magoti mbele ya Bikira wa Altagracia akiwa na mshumaa mmoja na haja mbili, na mshumaa wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa mama mkwe wake, Doña Ercilia, ambaye aliufunga kwa gazeti na kumkabidhi asubuhi ile kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Radhamés alikuwa fundi wa majokofu, na kilichompeleka Higüey ni jokofu la muuza aiskrimu mmoja lililokuwa limegoma. Kwa kuwa angepita mlangoni mwa kanisa kuu, Doña Ercilia alimwomba amwashie mshumaa kwa ajili ya jicho lake la kulia, lililoanza kuingia ukungu, maana la kushoto halikuwahi kuona vizuri. Daktari alikuwa amempa dawa ya matone na kumwambia kwamba ukungu ukifika katikati, jicho litapasuliwa. Doña Ercilia alikuwa na dada aliyewahi kupasuliwa jicho, na dada huyo mpaka leo akimimina kahawa huinywesha meza.

Maagizo hayakuwa na mafumbo. Mshumaa mmoja, haja moja, kwa sababu Bikira ana watu wengi na hapendi kuchanganyiwa mambo. Malipo nayo yalitajwa: jicho likipona, Doña Ercilia atatembea peku kutoka daraja la kuingilia mjini mpaka kanisani siku ya sikukuu ya Bikira, mwezi wa Januari.

Tatizo ni kwamba ilikuwa Oktoba, na msimu wa besiboli ulikuwa unafunguliwa wiki ileile. Radhamés alikuwa mtu wa timu ya Kaa, kama baba yake na baba wa baba yake, na Kaa hawakuwa wamechukua ubingwa tangu yeye akiwa na nywele. Msimu uliopita walimaliza mkiani. Jirani yake Bienvenido, mtu wa Majogoo, alisherehekea jambo hilo kwa kumning'inizia kaa hai kwenye kitasa cha mlango, amevishwa sketi. Mtu aliyefanyiwa hivyo hapaswi kupewa mshumaa mnene wa mwenzake na kuachwa peke yake kanisani.

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainamisha kichwa na kuomba ubingwa. Hapo angenyamaza, pengine dhambi ingekuwa moja. Lakini ulimi wake ulikuwa umekariri maneno ya malipo njia nzima, na ulimi uliokariri haujui kusimama. Ukaendelea wenyewe: na Doña Ercilia atatembea peku kutoka darajani. Alipotambua alichokisema, utambi ulikuwa umeshika moto vizuri. Aliomba kwa mdomo wake na kuahidi kwa miguu ya mama mkwe, jambo ambalo katika historia yote ya wakwe wa nchi ile huenda halikuwa limewahi kutokea.

Alifikiria kununua mshumaa wa pili. Muuza aiskrimu akapiga simu kulalamika kwamba mali yake imekuwa supu, na Radhamés akaondoka.

Jioni Doña Ercilia alimngoja barazani. Aliuliza kama amemweleza Bikira vizuri, naye akajibu kwamba vizuri sana. Aliuliza kama amekumbuka kutaja jicho la kulia.

"La kulia, Mama," alisema Radhamés, na hata sauti yake yenyewe ilimshangaa.

Kwa wiki za mwanzo, Bikira alionekana kutokuwa na habari na mpango huo. Kaa walifungwa nyumbani, wakafungwa ugenini, na siku waliyokaribia kushinda mvua ikanyesha mchezo ukafutwa. Radhamés alinung'unika kama mtu aliyeuziwa jokofu bovu. Doña Ercilia naye alinung'unika, kwa sababu, jambo ambalo linafaa kusemwa mapema, katika nyumba ile hakuna aliyewapenda Kaa kuliko yeye. Hakwenda uwanjani, magoti hayakumruhusu, lakini redio aliiweka karibu na sikio kiasi kwamba binti yake Yokasta, mke wa Radhamés, alisema siku moja itamfanya kiziwi. Aliwajua wachezaji wote kwa majina ya mama zao.

Kisha Kaa wakamsajili mrushaji wa mpira wa mkono wa kushoto aitwaye Nelfi, kijana mwembamba asiyejulikana na mtu, na mambo yakageuka. Wakashinda. Wakashinda tena. Mtaa ukaanza kupiga honi, watu wakaonekana na kofia ambazo walikuwa wamezifanya matambara ya kufutia pikipiki. Radhamés alicheza barabarani na ndoo kichwani.

Kesho yake Doña Ercilia aliweka chumvi kwenye kahawa.

Wote walicheka, yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Radhamés aliinywa ile kahawa yote mpaka chini, taratibu, na Yokasta akamuuliza kama ana wazimu. Wiki iliyofuata Kaa walishinda ugenini, na Doña Ercilia akamwamkia mbuzi wa Bienvenido, akamuuliza watoto hawajambo. Basi fundi wa majokofu, mtu aliyezoea kutafuta hitilafu kwa kufuata waya mmoja baada ya mwingine, akaufuata waya huu nao, ukamfikisha kanisani Higüey. Bikira alikuwa ametoa alichoombwa. Na kwa kuwa mshumaa ulikuwa wa jicho, alikuwa anakitoa jichoni.

Tangu siku hiyo Radhamés hakujua tena raha ya ushindi. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta na uwanja mzima ukarukaruka, yeye aliruka kwa kuchelewa, kama mtu aliyekumbushwa. Alianza kuwaombea Kaa wafungwe, kimyakimya, huku amevaa fulana yao. Lakini wakifungwa, akirudi nyumbani anamkuta Doña Ercilia amelala chali na kitambaa usoni, hataki kula, akisema heri angekufa mwaka ule wa kimbunga. Kwa hiyo timu ikishinda, roho inamsuta kwa jicho. Timu ikishindwa, inamsuta kwa moyo. Usingizi ukamwacha. Alifunga feni ya jokofu la mchinjaji kinyume, likachemsha nyama.

Mwezi wa Desemba daktari alisema ukungu umefika katikati. Jicho lingepasuliwa baada ya sikukuu za Januari. Doña Ercilia alirudi akasema tu kwamba Bikira ana sababu zake, na Radhamés akatoka nje kwenda kuangalia tairi la gari ambalo halikuwa na neno.

Hapo ndipo alipoamua kuiua timu yake kwa mikono yake mwenyewe.

Uwanjani kuna mwiko mmoja unaoheshimiwa hata na walevi. Mrushaji akiwa hajaguswa, yaani hakuna mpinzani aliyefanikiwa kumpiga mpira safi hata mmoja, hakuna anayelitaja jambo hilo, lisije likaingia nuksi. Watu huzungumzia mawingu. Huzungumzia bei ya karanga. Jioni ile Nelfi alikuwa amewafikisha Majogoo awamu ya nane kati ya tisa bila kumgusa, na jukwaa zima lilikuwa linajadili mawingu kwa jasho na kutetemeka. Radhamés akasimama juu ya kiti chake. Alijiona kama shahidi wa imani anayepanda kuchomwa moto.

"Hajaguswa!" alipaza sauti. "Nelfi hajaguswa hata mara moja leo!"

Jukwaa zima lilimgeukia. Kisha mpigaji wa Majogoo akapiga mpira uliofuata, ukapita katikati kabisa ya uwanja, na baada ya huo ukaja mwingine, na mwingine, hata ikawa kama bomba limepasuka. Radhamés alitolewa na majirani wa safu yake, watu aliokula nao karanga miaka mingi, akiwa amelowa bia ya vikombe visivyohesabika. Mama mmoja mwenye kofia ya kaa alimfuata hadi kwenye ngazi ili amtazame vizuri usoni. "Nuksi wewe," alimwambia kwa upole wa kutisha. "Ukionekana hapa tena, tutakuzika humu uwanjani, chini ya kituo cha pili."

Nyumbani kitambaa kilikuwa tayari usoni.

"Redio imesema kuna mpuuzi mmoja alilitaja," Doña Ercilia alisema kutoka chini ya kitambaa. "Mungu amlaani mtu huyo, yeye na kazi yake."

"Amina," alisema Radhamés.

Asubuhi alimpelekea ndizi za kuponda na vitunguu, akainua vidole viwili mbele yake kama mzaha, akamuuliza ni vingapi. Doña Ercilia alimwambia aache kupunga bahasha usoni pake. Ukungu haukuwa umesogea. Alikuwa ameivunja timu na hakupata hata kipande cha jicho.

Nao Kaa, kana kwamba wamekusudia kumkomoa, hawakuvunjika. Walipita kwenye mchujo kwa kudra, wakaingia fainali dhidi ya Majogoo haohao, na fainali ikaenda mpaka mchezo wa mwisho kabisa, siku chache kabla ya sikukuu ya Bikira. Nusu ya mtaa ilimiminika uwanjani. Yokasta alikwenda na dada zake. Radhamés, kwa kuwa alikuwa na hukumu ya kuzikwa, alibaki nyumbani na mama mkwe.

Jua lilikuwa bado halijazama. Doña Ercilia alikaa jikoni akimenya ndizi mbichi kwa kupapasa, redio begani, akingoja mchezo uanze. Kisu kikateleza, kikamkata kidole. Hakulalamika, alikinyonya tu, akaendelea kumenya na kumwomba mkwewe amsomee gazetini nani anaanza kurusha. Radhamés alilifungua gazeti. Majina yote yalikuwepo, lakini yeye akasema jambo lingine. Alisema yote: mshumaa, ubingwa, daraja, miguu. Alisema na ile kelele ya uwanjani, maana mficha uchi hazai. Alipomaliza, alikuwa amelikunja gazeti likawa dogo kama sanduku la kiberiti.

Doña Ercilia alimenya ndizi nyingine yote kabla ya kujibu.

"Uliomba ubingwa," aliuliza, "au uliomba wafike fainali tu?"

"Ubingwa, Mama."

"Una hakika? Maana kuna wajinga huomba kufika fainali, wanafikishwa, wanaachwa hapohapo."

"Ubingwa. Nilisema neno lenyewe."

"Vizuri." Akaiweka ndizi kwenye maji. "Basi usithubutu kulitangua. Jicho ninalo lingine."

Radhamés aliliweka gazeti mezani. Akaanza kusema kwamba atatembea yeye, atatembea kwa magoti, atatambaa kwa tumbo kutoka darajani. Doña Ercilia aliinua kisu, naye akanyamaza.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Kuomba ushindi, hilo naliweza hata mimi. Ningekuwa na mshumaa wa mtu mkononi, na Kaa wako mkiani, sijui ningefanya nini. Lakini mwanangu, miguu unayo miwili. Mirefu. Nimekulisha miaka yote hii ikiwa chini ya meza yangu. Ukaona uahidi ya kwangu?"

Radhamés aliirudisha miguu yake chini ya kiti. Angetukanwa angeshukuru. Mama mkwe alimsogezea redio na kumwambia aongeze sauti, kwa kuwa mambo ya nyumbani yatasubiri.

Katika awamu ya tisa Kaa walikuwa nyuma kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, na wapigaji wao wawili walikuwa wamekwisha kutolewa. Akitolewa wa tatu, msimu umekwisha. Kulikuwa na mkimbiaji wao kituo cha kwanza na mpigaji mzee mwenye goti bovu kwenye gongo. Radhamés alijaribu kuomba na hakujua aombe upande gani. Alimtazama Doña Ercilia: macho ameyafumba yote mawili, midomo inasema jina la mama wa yule mzee. Kisha mtangazaji akapiga yowe refu lisilokuwa na neno ndani yake, na mtaa mzima, kila nyumba iliyokuwa na redio, ukaliendeleza. Mpira ulikuwa umevuka ukuta, mikimbio miwili kwa pigo moja. Kaa walikuwa mabingwa.

Na yeye, Mungu amsamehe, aliruka. Hakuchelewa hata kidogo safari hii. Aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye kabati na vikombe vikaanguka, na furaha ilipomwachia akajikuta amemkumbatia mama mkwe aliyekuwa analia kwa jicho la ukungu na lisilo la ukungu.

"Vaa viatu vizuri," Doña Ercilia alimwambia sikioni. "Sikukuu ni Alhamisi, na wewe ndiwe utakayeniongoza."

Yokasta hakuambiwa kitu. Doña Ercilia alimwambia tu kwamba ana ahadi yake na Bikira, na kwamba mkwewe amejitolea kumsindikiza. Radhamés alijaribu kuvua viatu pale darajani; akakatazwa. Peku ilikuwa ya mwenye ahadi. Yeye alitembea ndani ya viatu vyake vya ngozi, nyayo zimetulia kama ziko kitandani, huku mama mkwe ameshika bega lake, akikanyaga lami ya Januari iliyopata jua tangu asubuhi. Alimtajia kila jiwe. Alimtajia na mashimo, vifuniko vya chupa, ganda la chungwa. Mara moja alisahau kutaja kokoto, na vidole vya Doña Ercilia vikambana begani.

Barabara ilijaa watu wa ahadi, wenye misalaba, wenye watoto waliovishwa nyeupe. Kundi la wanawake waliokuwa wakitembea sambamba nao lilikuwa limewatazama kwa muda. Mmoja wao, mwenye mwavuli, akasogea na kumuuliza Doña Ercilia kama huyo ni mwanawe. Doña Ercilia akajibu kwamba ni mkwe, na kwamba yeye amekuja kwa ajili ya jambo ambalo mkwe huyu alimwombea kwa Bikira.

Wanawake wakaitana. Wakamzunguka. Wakasema vijana wa siku hizi hawako hivi, mkwe kama huyu hapatikani, wa kwao hata glasi ya maji hampi mtu. Mwenye mwavuli alimfuta Radhamés jasho kwa kitambaa chake mwenyewe na kumwambia kwamba Mungu ameona moyo wake. Radhamés alifungua mdomo. Alikuwa tayari kusema yote, pale katikati ya barabara, mbele ya misalaba.

Vidole vikambana tena begani.

"Wanakusifu, mwanangu," alisema Doña Ercilia. "Sema asante."

"Asante," alisema Radhamés.

"Kwa sauti. Wale wa nyuma hawajasikia."