Mafundo ya Waya Sita

Kitendawili. Ana miguu miwili lakini hatembei mpaka apandwe, ananguruma lakini hana sauti ya kuombea njia, na akionekana barabarani anakamatwa kama mwizi.

"Pikipiki ya mjomba," alijibu mjukuu wangu wa kike bila kuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye stoo yetu, spana mdomoni. Mtaani wamempa jina hilohilo, Spana, na analiitikia upesi kuliko lile alilopewa na marehemu mama yake.

Pikipiki ilikuwa ya mwanangu wa mwisho, ambaye enzi za ujana wake alishindana nayo kwenye matope. Alipohamia nchi za watu aliiacha stoo imefunikwa turubai. Ni ndefu kama ngamia, matairi yake yalikuwa na meno, tena haikuwa na taa, wala honi, wala vioo, wala mahali pa kufunga namba. Lakini Spana alikuwa amepata kazi ya kubeba sampuli za damu kutoka zahanati za milimani mpaka hospitali kuu, njia ambazo gari huishia nusu na kugeuza. Barua ilisema wazi: aje na pikipiki yake mwenyewe, na karatasi ya ukaguzi ifike ofisini Ijumaa kabla ya saa nane mchana. Isipofika, anaitwa wa pili kwenye orodha. Kazi za namna hiyo kwetu haziji mara mbili.

Basi kwa wiki tatu akaivalisha ile pikipiki kama bi harusi. Akabadilisha matairi, akapunguza kelele za ekzosi, akafunga vioo viwili, honi, kibao cha namba, na taa za mbele na nyuma. Zikabaki waya za kwenda kwenye sanduku la swichi, pale usukanini: waya sita, zote nyeusi, maana alizitoa kwenye lori bovu.

"Bibi, wewe ni mshonaji," akaniambia. "Mimi naunga, wewe unafunga uzi wa rangi huku na huku kwenye kila kiungo. Siku zikichomoka nijue nani ni mume wa nani."

"Na ndoa zikivunjika?"

"Tunarudisha kila mtu kwao."

Nikacheka, nikakubali. Nilipaswa kukataa.

Maana nilikuwa na siri. Miezi miwili kabla ya hapo nilikwenda kupima macho peke yangu, nikaambiwa nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na nirudi na mtu wa nyumbani ili wanipangie siku ya kutolewa. Ile karatasi niliitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Nilimjua mjukuu wangu huyu, ambaye kwa utani namwita mke mwenzangu. Mwaka uliopita nilipoteguka mguu aliacha nafasi nzuri ya mjini akakaa kunikanda. Na hii kazi ya milimani inataka alale nje siku mbili kila wiki. Akijua bibi yake anaona ukungu, haendi. Kwa hiyo nikanyamaza, nikawa natembea humu ndani kwa mazoea kama paka mzee.

Nyuzi zangu nazijua kwa mahali zilipo kwenye kopo: nyekundu mbele, kahawia inafuata, halafu njano, kijani, bluu, nyeupe. Spana alikuwa akiunga waya, anajaribu, ikikubali ananiita. "Huu ni wa moto, unatoka kwenye betri, nyekundu." Nafunga upande mmoja. "Huu ni wa bodi, unarudisha umeme kwenye chuma, kahawia." Nafunga. Kisha nafunga upande wa pili wa zote mbili. Na kwa kuwa mkono wa mshonaji haumalizi uzi bila fundo, nikawa naweka mafundo kwa hesabu: wa kwanza fundo moja kila upande, wa pili mawili, mpaka wa sita mafundo sita. Hakuniomba. Vidole tu vilitaka.

Alhamisi jioni kila kitu kilifanya kazi. Honi ililia mpaka jirani akauliza kama tumenunua basi.

Ijumaa asubuhi Spana alitangulia na pikipiki, mimi nikafuata kwa bajaji na mfuko wa vifaa, kwa sababu ile pikipiki ina kiti cha mtu mmoja tu. Uwanja wa ukaguzi ni lami iliyopasuka, ukuta mrefu, na kibanda chenye dirisha dogo. Mbele yetu kulikuwa na malori mawili na gari la mikate. Dereva wa lori alimtazama Spana juu ya lile pikipiki refu, akasema, "Dada, huyo ni mbuzi wa porini umemvalisha viatu."

"Akifaulu utamwamkia," Spana akamjibu.

Zamu yetu ilifika saa tano na robo. Mkaguzi alikuwa mwanamume mkavu, kalamu sikioni, anayesema maneno machache kama anayalipia kodi. Akapima matairi. Akasoma namba ya injini. Akatazama vioo. Nikawa nasikia kalamu inakwaruza karatasi, na kila ikikwaruza roho yangu inashuka kidogo.

"Pinda usukani mpaka mwisho. Kushoto."

Spana akapinda.

"Kulia."

Akapinda kulia, na nikasikia kitu kinakatika, tap tap, kama vifungo vinatoka kwenye blauzi iliyobana. Waya alikuwa amezifunga fupi mno. Usukani ulipofika mwisho, zote sita zilichomoka kwenye viungo vyake zikabaki zinaning'inia.

Mkaguzi aliangalia waya, akaangalia saa. "Tunafunga saa sita. Ukitengeneza kabla ya hapo nakukagua. Baada ya hapo ni Jumatatu."

"Jumatatu kazi ina mwenyewe," Spana akasema.

"Basi usisimame hapa kuongea na mimi."

Akaisukuma pikipiki hadi ukutani, akapiga magoti juu ya lami ya moto. Nikamshikia mfuko. Akakata kamba zilizobana, akavuta waya zikapata urefu, akaanza kuunga huku anajisemea: "Njano kwa njano. Kijani kwa kijani. Asante bibi kwa nyuzi zako, ningekuwa nimekufa leo. Nyekundu kwa nyekundu. Kahawia kwa kahawia."

Akafunga tepu, akageuza ufunguo.

Tiki. Mlio mdogo tu, kama kunde inapasuka kwenye chungu. Fyuzi ilikuwa imeungua.

Akaichomoa, akaitazama. Halafu akasema taratibu, "Nina moja tu ya akiba." Akapitia waya tena, mmoja mmoja, akizigeuza kwenye jua. "Rangi ziko sawa. Swichi haijapasuka. Betri iko sawa. Bibi, iko wapi taa yangu ya kupimia waya wa moto?"

Nikapekua mfuko mara mbili. "Imebaki kwenye benchi."

"Saa ngapi?"

Nikamuuliza dereva wa bajaji, aliyekuwa akinisubiri, kwa sababu saa ya mkononi siisomi tena. "Tano na dakika thelathini na tano," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka kopo. Alhamisi ile, tulipokuwa kwenye waya mbili za kwanza, Spana aliingiza mkono kwenye kopo langu kutafuta mkasi. Alitoa nyuzi za mbele, kisha akazirudisha. Sikujali. Lakini kama alizirudisha zimebadilishana mahali, mkono wangu ulioingia kuchukua nyekundu ulichukua kahawia, na wa kahawia ukachukua nyekundu. Upande mmoja wa kiungo rangi moja, upande wa pili rangi nyingine, na mimi nikiinamia pale kana kwamba naona. Ndiyo maana nyumbani zilifanya kazi, kwa sababu aliunga kwanza, mimi nikafunga baadaye. Sasa anaunga kwa kufuata rangi zangu, na rangi zangu zilikuwa zinamdanganya.

Nikisema, anajua. Akijua, haendi milimani, anabaki kunishika mkono chooni. Nisiposema, anachoma fyuzi ya mwisho.

Akaitoa kwenye karatasi yake. Akaishika kwa vidole viwili. "Labda ile ya kwanza ilikuwa mbovu," akasema, na nilijua kwa sauti yake kwamba hata yeye haamini. Akafuta jasho kwa bega. Kisha akanigeukia, akajaribu kucheka. "Bibi, nimeshindwa. Hiki kitendawili chako ni kigumu. Nakupa mji, chukua mji wowote unaoutaka, nipe jibu."

Siku zote yeye hushinda. Tangu ana miaka mitano hajawahi kunipa mji.

"Usiiweke hiyo fyuzi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Rangi si kweli. Nyekundu na kahawia nimezichanganya."

"Umezichanganyaje, na unaziona?"

"Sizioni, mjukuu wangu."

Gari la mikate liliwashwa, likatoka getini.

"Tangu lini?"

"Mwaka huu. Nina mtoto wa jicho. Karatasi iko kwenye droo ya cherehani."

"Chini ya vifungo," akasema. "Kila kitu unachonificha kiko chini ya vifungo." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Umekuwa ukivuka barabara hivyohivyo? Unachemsha maji hivyohivyo? Na mimi nakupa waya za umeme ushike?"

"Utanigombeza nyumbani. Sasa hivi fungua viungo vyote."

"Nifungue nifuate nini? Kama rangi ni uongo hizi waya sita zote zinafanana."

"Fuata mafundo."

Akazitazama. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa ameyaona mafundo kama uchafu wa uzi. Nikapiga magoti kando yake, nikatia vidole katikati ya waya. "Fundo moja hapa," nikasema. Nikatafuta upande wa pili. "Fundo moja hapa. Huyu ndiye wa moto, hata kama amevaa kanzu ya mwenzake. Mawili hapa, mawili hapa, wa bodi."

Akasogeza uso karibu. "Upande huu ni nyekundu na upande huu ni kahawia."

"Nilikwambia."

"Na kama vidole navyo vimekosea?"

"Macho yangu yalikosea. Vidole vimevalisha watu miaka arobaini, hajarudi hata mmoja na mkono wa shati uliogeuzwa."

"Bibi, hii ni fyuzi ya mwisho."

"Najua ni ya mwisho. Tatu hapa. Leta upande wa pili."

Akaleta. Tulifanya kazi hivyo, mimi nataja, yeye anaunga. Waya wa tano ulinisumbua. Fundo moja lilikuwa limelegea na nikahesabu manne, nikarudia, nikapata matano. Yeye alingoja. Angeweza kuninyang'anya akatazama mwenyewe, lakini alingoja. Dereva wa bajaji akapaza sauti kutoka kivulini, "Dakika kumi na mbili zimebaki."

Spana akaingiza fyuzi. Akashika ufunguo, hakuugeuza.

"Geuza, mke mwenzangu."

Akageuza. Nikasikiliza ile tiki. Haikuja. Akabonyeza honi, na lile basi letu likalia uwanja mzima.

Mkaguzi alikuwa ameshafunga nusu ya dirisha. Alitoka na karatasi zake, akasimama mbele. "Pinda." Spana akapinda kushoto, akapinda kulia, polepole, na mimi nimetega sikio. Hakuna kilichokatika. "Indiketa. Nyingine. Honi. Nimesikia, inatosha." Kisha akanigeukia. "Bibi, simama huko nyuma uniambie taa ya breki ikiwaka."

Nyumbani Alhamisi Spana aliniomba hilohilo. Nilisikia swichi ya breki inabofya nikasema imewaka. Na leo nilisikia kibofyo kilekile, safi kabisa. Ningeweza kusema.

"Baba, tafuta macho mengine," nikamwambia. "Mimi nimekuja na vidole tu."

Yule dereva wa lori, aliyekuwa akingoja karatasi yake, akazunguka nyuma. "Inawaka," akasema. "Achia. Imezima. Shika tena. Inawaka kama kaa la moto, mzee, mpe dada karatasi yake."

Kalamu ikakwaruza kwa muda mrefu. Mhuri ukagonga, mara moja.

"Uliyemwita mbuzi," Spana akamwambia dereva wa lori, "unamwamkia au huamkii?"

"Shikamoo, mbuzi," akasema yule mtu, akapanda lori lake.

Spana alikunja ile karatasi akaitia kifuani. Akaja akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye bajaji kama aliyebeba sinia la mayai. Nilimwacha. Aliponikalisha hakuniachia.

"Napeleka hii ofisini sasa hivi, nanyi mnifuate. Kazi inaanza Jumatano," akasema. "Jumatatu tunakwenda wote kwa watu wa macho. Wakisema hata neno moja ambalo sikulipenda, Jumatano siendi."

"Utakwenda."

"Tutaona."

"Wewe utaona. Mimi nasubiri zamu yangu."

Alitaka kubaki na hasira, lakini mdomo ulimsaliti kidogo. Akavaa helmeti.

Akatutangulia. Nilimwona kama kivuli chekundu kinachotoka getini, halafu sikumwona tena. Tulipofika njia panda ya kwanza nikasikia honi, mlio mmoja mfupi. Kwenye njia panda ya pili ikalia tena, mbali kidogo, upande wa kulia. Dereva wa bajaji akaguna.

"Barabara nyeupe, hakuna hata kuku. Anampigia nani?"

"Ananipigia mimi," nikamwambia. "Pinda kulia."