Gari la Kijivu Kando ya Rusizi

Kila Jumamosi alasiri Callixte aliosha gari lake la kijivu uani kwake mtaani Kinindo, na binti yake Prudence akimshikia ndoo. Siku hiyo alikuwa hajafika kwenye magurudumu simu ilipolia. Alikuwa Khaled, mwenye mtumbwi wa mashine kule mto Rusizi. Kiboko jike amezaa, alisema, yuko karibu na gati na mtoto wake, njooni kabla giza halijaingia.

Bonfils, kitindamimba, alikuwa ameahidiwa kupelekwa kuona viboko tangu apasi mtihani. Alipanda gari viatu vikiwa mkononi.

Prudence akakaa mbele. Mama yao, Christa, aliyeketi nyuma na Bonfils, alidhani binti anapenda upepo tu. Kumbe tangu Pasaka macho ya Callixte yalikuwa yanafifia, naye hakumwambia mtu. Prudence alikuwa amegundua, lakini ulimi ulimkwama. Mwana kumwambia baba yake "huoni" aliona ni kama kumvua shati mbele za watu. Basi akawa anaona kwa niaba yake, kwa siri.

"Baiskeli za ndizi ni nyingi leo, baba," alisema kama mtu anayepiga soga tu, na baba akapunguza mwendo. "Na yule mama anavuka na beseni lake."

Kila safari aliomba kimoyomoyo apate neno kabla baba hajagonga mtu. Kila safari alishuka mgongo umelowa jasho, neno bado limo tumboni.

Walipofika katikati ya mto, wote wakiwa mtumbwini, Khaled alizima mashine. Callixte akanyoosha kidole.

"Wale pale. Watano."

"Majani hayo, baba," Bonfils akasema. "Viboko wako wameota mizizi."

Wakacheka, na baba akacheka nao. Mara jike akaibuka upande wa pili, akapuliza maji puani, mtoto wake amelala mgongoni. Christa akashika kifua. Callixte peke yake alibaki akiyatabasamia majani.

Waliporudi gatini jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Uvira. Khaled aliinama kufunga mtumbwi. Callixte akatangulia na ufunguo mkononi. Gari lilikuwa kushoto, chini ya mti. Kulia, kwenye nyasi fupi, kiboko dume alikuwa ametoka majini kula, mkubwa, wa kijivu, amelowa, anang'aa kama aliyeoshwa mchana ule.

Callixte akashika njia ya kulia.

"Baba, simama." Sauti ilitoka nzima, hata Prudence mwenyewe hakuijua. "Hilo si gari. Ni kiboko. Rudi nyuma polepole, fuata sauti yangu. Njoo. Njoo tu."

Callixte akarudi hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa kiganja cha binti yake. Kiboko aliinua kichwa, akatafuna, akawapuuza, akateremka mtoni. Khaled akaketi matopeni bila kujali suruali.

"Callixte," Christa akasema, "ulikuwa unamfungulia mlango?"

Bonfils ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, hadi machozi. Prudence alicheka na kulia pamoja. Mabega yake yalikuwa mepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

"Umejua tangu lini?" baba akamuuliza.

"Tangu Pasaka, baba. Huoni vizuri. Nilikuonea haya kukuambia."

Christa alikuwa ameshachukua ufunguo. "Nitaendesha mi, na mtavumilia. Jumatatu ni kwa daktari. Dada yangu alitolewa mtoto wa jicho, leo anaona hata vumbi la nyumba za majirani."

Callixte alipanda kiti cha nyuma, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akashusha pumzi ndefu.

"Sioni, Christa," akasema. "Sioni, na kila asubuhi nimekuwa nikiogopa kuua mtoto wa mtu."