Maji ya Ngama

"Ngama," baba alisema, akipapasa tumbo kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Nikamletea chupa ya haja ndogo. Akaisukuma.

"Ngama!"

Ilikuwa wiki ya sita tangu apatwe na kiharusi. Kiharusi kilimwachia maneno machache tu, karibu yote ya kazi yake ya kuunda vyombo vya baharini. Kichwa alikiita omo. Mgongo, mkuku. Mbavu, mataruma. Makalio yalikuwa tezi, na siku ya kwanza alipolalamika kwamba tezi inawaka moto tulicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia mlangoni. Maneno hayo niliyajua tangu utotoni, nilipokuwa nikishinda karakanani kwake. Kwa hiyo kaka zangu walikubaliana, haraka sana, kwamba hakuna wa kumuuguza ila mimi.

Ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakojikusanya yakisubiri mtu wa kuyafua kwa ndoo na kuyamwaga nje. Nikafikiri ni kibofu. Nani asingefikiri hivyo? Nilikuwa nimechoka hoi, na shuka nilikuwa nimebadilisha mara tatu tangu asubuhi.

"Baba, sema kama watu!"

Akauondoa mkono tumboni, akageuza uso. Kugeuka kule kunaniuma hadi leo.

Nilikuwa nikikunja nguo zake nilipoisikia pumzi yake. Ilitoka na mlio wa maji yanayochezacheza chini ya mbao, mlio niliousikia miaka nenda miaka rudi kwenye vyombo vilivyoletwa kwake vikivuja. Chombo hakina kibofu. Nikatupa nguo, nikatoka mbio kumwita daktari.

"Mapafu yamejaa maji," daktari alisema. "Ungechelewa saa moja tu..."

Kesho yake mchana, alipoweza tena kuvuta pumzi, niliinama kumwomba radhi. Neno la kunisamehe hakuwa nalo, kiharusi kilikwenda nalo. Akanigonga mbavuni kwa kifundo cha kidole, hapa, kisha hapa, ametega sikio kama alivyokuwa akipima ubao wa chombo.

"Kimechoka," akasema. "Kipandishwe nchi kavu."

Akajivuta kwa mkono ule mmoja, kidogo kidogo, mpaka ukutani. Nusu ya kitanda ikabaki wazi.

Nikavua viatu.