Ndege Inaganda Darajani

Basi mwaka ule wa tisini na saba Revelian kamaliza fomu foo, anasubiri matokeo, yupo tu Kimara kwa shangazi yake Genoveva anazungukazunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga. Kitu pekee cha kumtuliza kilikuwa gemu la ndege.

Kompyuta ilikuwa mtumba wa Ulaya, ya shangazi, ambaye ni mwalimu, anaichapia mitihani. Gemu lilikuja humo humo ndani, mwenyewe wa kwanza alilisahau. Diski yake haipo. Likifutwa, ndiyo basi tena.

Na lilikuwa mbioni kufutwa. Ndege inaruka vizuri, inapiga vifaru, inavuka mito, ikifika kwenye daraja la hatua ya sita, kioo kinaganda. Ndege imening'inia hewani, spika inalia mmmmm kama nzi kwenye chupa. Ubonyeze usibonyeze, mpaka uzime uwashe.

"Mie nachapa kutwa nzima haijawahi kunigomea," shangazi alisema Jumatano. "Wewe nusu saa tu ushaiua. Jumapili Edgar anakuja kuisafisha, namwambia alifute hilo dude."

Edgar ndiye fundi aliyeiunganisha. Akisema anafuta, anafuta.

Reve akamwita Talha, mshikaji wake wa Kinondoni aliyewahi kuishika kompyuta ya ofisini kwa mjomba wake mara mbili, kwa hiyo mtaalamu.

"Daraja lina virusi," Talha akasema. "Lipite kwa juu."

Wakalipita kwa juu. Ikaganda.

"Umeme mdogo. Chomoa friji."

Wakachomoa friji. Ikaganda, na maziwa ya shangazi yakachacha, kesi ya pili.

"Braza, wewe unabonyeza kama unatwanga kisamvu. Lete mie." Talha naye akagandishwa, tena kabla hajafika darajani, akabaki ameshika kiuno.

Hapo Reve ndo akashtuka. Kabla ya darajani? Ijumaa akafanya kitu cha kijinga: akakaa hatua ya kwanza makusudi, anazungusha ndege palepale, daraja haligusi. Dakika ishirini na tano, ikaganda.

"Kumbe daraja tulilisingizia bure," akamwambia Talha. "Hii ishu ni ya muda."

"Sasa mbona shangazi'ako anachapa kutwa?"

Swali hilo Reve akalala nalo.

Jumamosi asubuhi akawasha, hana matumaini, anaaga tu. Daraja likaja, akalivuka. Hatua ya saba. Ya nane! Saa nzima ikapita, Talha anaruka juu ya kochi.

"Shuka kwenye kochi, limevuliwa nguo hilo!" Reve akamkemea. Akasikia alichosema mwenyewe. Akatazama kochi, tupu. Akatazama kompyuta, tupu. Akachungulia dirishani. Jumamosi, siku ya kufua: vitambaa vyote vya sebuleni vipo kwenye kamba, na katikati yake kile kitambaa cha tausi mkubwa, kafumwa miezi mitatu, katiwa wanga, akikauka anakuwa mgumu kama boksi. Kazi yake kuifunika kompyuta, kichwa mbele, mkia nyuma. Sheria ya nyumba: tausi haguswi. Reve akicheza alikuwa anamfunua mbele tu, kama bibi harusi. Shangazi akichapa, alikuwa anamvua mwenyewe wote, anamkunja.

Reve akapeleka mkono nyuma ya mashine. Feni ilikuwa inampulizia vidole.

"Mwambie wewe," Talha akasema. "Mie ni mgeni."

Shangazi alikuwa uani, mikono ina povu.

"Shikamoo mama," Talha akaanza, akaishia hapo.

"Marahaba. Mmeua nini tena?"

"Shangazi, siyo gemu," Reve akasema. "Ni tausi. Anaiziba pua. Inapumulia nyuma."

Shangazi akakung'uta povu mikononi. Maji yanadondoka kutoka kwenye kamba.

"Tausi wangu?"

"Wewe ukichapa unamvua. Mie umenikataza kumgusa. Njoo uone mwenyewe."

Akaja, na saa mkononi kama anasimamia mtihani. Wakaivika mashine tausi akiwa mbichimbichi, Reve akacheza. Dakika ya ishirini na tatu, mmmmm. Wakamvua, wakasubiri mashine ipoe, akacheza tena. Saa moja kasoro, ndege bado inapaa. Shangazi akapeleka kiganja nyuma ya feni, akakiacha hapo muda mrefu.

"Maskini," akasema, haikujulikana anamwambia nani.

Jumapili Edgar alipokuja alimkuta shangazi kashika sindano na uzi, anafuma tausi mwingine, huyu hana mkia.

"Mwalimu, nasikia kuna gemu la kufuta."

"Futa vumbi tu, baba," shangazi akajibu bila kuinua macho. "Na usimsumbue Reve, yupo hatua ya tisa. Hebu Reve, huko mbele kuna nini?"

"Daraja lingine, shangazi."

"Haya, livuke nikuone."